Minari ni filamu ya nani? Uzi wa filamu za Wakorea wa Marekani

#1 Reli ya Kati

Wakuu, salaam.

Februari 28, 2021 Golden Globes waliipa Minari tuzo ya filamu bora ya lugha ya kigeni. Mwandishi na mwongozaji wake, Lee Isaac Chung, kazaliwa Denver na kukulia Lincoln, kimji cha mashambani huko Arkansas. Watengenezaji ni Plan B, wasambazaji ni A24, wote Wamarekani. Kisa chenyewe ni cha mkulima anayehangaika na maji Arkansas enzi za Reagan. Sasa ugeni wake uko wapi?

Ninavyoona, filamu za Wakorea wa Marekani hazipimwi kwa nchi zilikotengenezwa wala kwa aliyezitengeneza. Zinapimwa kwa lugha inayozungumzwa mezani wakati wa kula. Ukiandika familia inayozungumza kama familia hizo zinavyozungumza kweli, unaitwa mgeni. Ukiwageuza wote wazungumze Kiingereza, unakubaliwa kuwa Mmarekani lakini familia yako inakuwa ya uongo. Nipingeni au niongezeeni.

#2 Chuma cha Pua

Hoja nzito, ila usiwaonee Golden Globes peke yao. Hata Oscar mwaka ule waliiweka kwenye kundi la filamu za kigeni, na ikashinda hukohuko.

#3 Binti Tabora

Mkuu Chuma, hapana. Oscar ya filamu ya kimataifa mwaka 2021 ilikwenda Denmark. Minari haikuwa na sifa hata ya kuombewa nafasi hiyo, kwa sababu kundi hilo linataka filamu iwe imetengenezwa nje ya Marekani na zaidi ya nusu ya mazungumzo yake yasiwe ya Kiingereza. Kwa Oscar ilishindana na filamu nyingine za Marekani. Ilitajwa katika vipengele 6: filamu bora, mwongozaji, mwigizaji mkuu (Steven Yeun), mwigizaji msaidizi wa kike, muswada na muziki. Youn Yuh-jung, aliyeigiza bibi, ndiye aliyeibuka na tuzo.

Tofauti iko kwenye kanuni. Golden Globes wakati ule walitaka angalau asilimia 50 ya mazungumzo iwe Kiingereza ndipo filamu ishindanie tuzo kuu ya filamu bora. Hawakuangalia pasipoti wala mfuko. The Farewell, filamu yenye Kichina kingi, ilishakumbana na kanuni hiyohiyo mwaka mmoja kabla. Na tusisahau kwamba kanuni haikuwazuia waigizaji. Youn angeweza kabisa kutajwa Golden Globes, hawakumtaja. Hapo kanuni haiwezi kubeba lawama.

Baada ya kelele zile walibadilisha utaratibu mwaka 2021. Ndiyo maana Past Lives, yenye Kikorea kingi, ilitajwa kwenye filamu bora ya drama msimu wa 2024.

#4 Jahazi

Binti Tabora asante. Niongeze kwamba Inglourious Basterds, iliyojaa Kijerumani na Kifaransa, ilitajwa kwenye drama bora ya Golden Globes Januari 2010. Babel, yenye lugha lukuki, iliichukua kabisa tuzo hiyo mwaka 2007. Kwa hiyo hata hiyo asilimia 50 ilikuwa na watu wake.

#5 Fundi Sauti

Mmekimbilia tuzo. Turudi kwenye namna mazungumzo yanavyotengenezwa, maana ndipo filamu nyingi za aina hii hufia.

Chung aliandika muswada kwa Kiingereza. Sehemu za Kikorea zikatafsiriwa, kisha Youn Yuh-jung na Han Ye-ri, aliyeigiza mama, wakakaa na mtafsiri wakazipitia upya ili zitamkike kama mazungumzo ya watu. Youn mwenyewe aliwahi kuishi Florida takriban miaka kumi kabla ya kurejea Korea katikati ya miaka ya 1980, kwa hiyo maisha ya Mkorea katika Marekani ya wakati ule hakuyasoma kitabuni. Steven Yeun, aliyeigiza baba, kazaliwa Seoul akaondoka mdogo, Kanada kwanza kisha Michigan. Kikorea cha baba wa miaka ya 1980 ilibidi akifanyie mazoezi na mwalimu.

Mambo manne huharibika mara kwa mara:

Tafsiri ya neno kwa neno. Sentensi inakuwa sahihi kisarufi lakini hakuna mama atakayeitoa kinywani akiwa amechoka.

Ngazi za heshima. Kikorea hubadilisha mwisho wa kitenzi kulingana na umri na cheo cha unayezungumza naye. Mume na mke wa miaka kumi wakizungumziana kama karani na mteja, mtazamaji wa Seoul ameshaondoka.

Misemo ya leo kwenye kisa cha 1983. Kikorea cha mhamiaji huganda mwaka aliopanda ndege. Waigizaji wanaokuja kutoka Seoul huleta Kikorea cha mwaka wanaopiga picha.

Watoto kuwa hodari mno. Familia nyingi za namna hii huzungumza hivi: wazazi wao kwa wao Kikorea, watoto wao kwa wao Kiingereza, mzazi akiuliza Kikorea mtoto anajibu nusu kwa nusu au Kiingereza kitupu. Minari imeshika mpangilio huo vizuri. Ndiyo maana asilimia za Golden Globes zilikuwa mtego: filamu ikisogea karibu na ukweli wa nyumba ile, Kiingereza kinapungua chenyewe.

#6 Mwalimu Kapeto

Fundi, umesema vyema, lakini lugha ni dalili tu. Kinachoeleza kuhusika kwenye Minari ni maji.

Tazameni Jacob, yule baba mkulima, anavyofanya. Ana ekari 50. Mtu wa kutafuta maji kwa kijiti anakuja, Jacob anakataa kumlipa. Anamwambia mwanawe kwamba maji hushuka, miti hupenda maji, basi kisima kitakuwa bondeni penye miti. Anachimba, anapata. Kwa kuangalia uso wa ardhi hoja yake ni sawa, ila bonde lenye miti linaonyesha unyevu wa juu tu. Halionyeshi kiasi cha maji kilicho chini wala kasi ya kujaa tena baada ya kuvutwa. Anaanza kumwagilia mboga, kisima kinakauka. Anaunganisha shamba na maji ya bomba ya wilaya, bili inapanda, halipi, wanakatiwa hadi nyumbani. Halafu mnunuzi wa Dallas anaghairi mzigo.

Huyu mtu anataka ardhi imkubali bila kuuliza wenyeji wala kukopa imani zao. Mwishoni yuko na mtu wa kijiti, anaweka alama. Wakati huohuo mbegu za minari, mboga ya Kikorea, alizoleta bibi zimestawi kando ya kijito bila bili yoyote. Majibu yamo kwenye udongo. Mkorea yule ni wa Arkansas kwa sababu amepanda pale na amepata hasara pale.

#7 Mama Swabra

Mwalimu Kapeto umeingia shambani hutaki kutoka. Udongo huo unaousifia ni wa Oklahoma. Filamu ilipigwa maeneo ya Tulsa, siku 25, majira ya joto ya 2019, kwa bajeti inayotajwa kuwa takriban dola milioni 2. Arkansas ipo kwenye kisa tu.

Na shamba ni kisa cha wachache. Wengi walikuwa dukani. Baada ya sheria ya uhamiaji ya 1965, waliokuja walikuwa na vyeti ambavyo havikutambuliwa na Kiingereza kisichotosha ofisini. Mtaji ulitoka kwenye akiba na kwenye kye, ambayo sisi Tanzania tunaiita upatu na Wakenya wanaita chama. Mfano: watu 20, kila mmoja dola 1,000 kwa mwezi, kila mwezi mmoja anaondoka na 20,000. Hakuna benki wala dhamana, uaminifu tu. Kasoro yake ni kwamba aliyepokea mapema akianguka, mzigo unawaangukia wote. Mwaka 1992 Los Angeles ilipowaka kwa machafuko baada ya polisi waliompiga mtu mweusi, Rodney King, kuachiwa, zaidi ya maduka 2,200 ya Wakorea yaliharibiwa, hasara ikakadiriwa dola milioni 400. Baadhi yao bima zao zilikuwa za makampuni yasiyosajiliwa California, malipo hayakuja.

Kwa hiyo ukiniuliza filamu ya Mkorea wa Marekani inaanzia wapi, nitakwambia Aprili 29, 1992. Tazama Sa-I-Gu ya 1993, makala ya dakika 36 hivi iliyoongozwa na Dai Sil Kim-Gibson na Christine Choy. Wanazungumza wanawake wenye maduka, wenyewe, kwa lugha yao. Kisha tazama Gook ya Justin Chon, 2017, rangi nyeusi na nyeupe, siku moja ndani ya duka la viatu. Mzee mwenye duka la pombe upande wa pili wa barabara ni Sang Chon, baba yake mwongozaji, ambaye naye duka lake liliporwa katika machafuko yale.

#8 Jahazi

Mama Swabra, hapo ukianza na Aprili 1992 umeruka ukurasa. Machi 16, 1991 Latasha Harlins, msichana mweusi wa miaka 15, alipigwa risasi ya kisogoni na mwenye duka Mkorea katika ugomvi wa chupa ya juisi ya dola 1.79. Novemba mwaka huo hakimu hakumpeleka mwuaji jela. Alimpa muda wa uangalizi, saa 400 za kazi za jamii na faini ya dola 500. Filamu ya 1992 inayoonyesha maduka yanayoungua bila Latasha inasimulia nusu. Gook ina nguvu kwa sababu ilimweka binti mweusi wa miaka 11, Kamilla, katikati ya duka la ndugu wale wawili.

#9 Mama Swabra

Sijamruka, Jahazi. Nilikuwa nasema kuhusu wenye maduka. Lakini umeweka vizuri, na libaki hapo.

#10 Chuma cha Pua

Mnaongea mambo mazito, mimi nauliza la Fast and Furious. Yule Han wa Tokyo Drift ni Mkorea au Mjapani? Kijiweni kila mtu ana jibu lake.

#11 Binti Tabora

Chuma, safari hii umeuliza swali la maana kuliko unavyodhani. Mwigizaji ni Sung Kang, Mkorea wa Marekani, mzaliwa wa Georgia. Mhusika Han alianza kwenye Better Luck Tomorrow (2002) ya Justin Lin, ambaye asili yake ni Taiwan. Filamu ile ilitengenezwa kwa kama dola 250,000, nyingine za kadi za mkopo. Ilipoonyeshwa kwenye tamasha la filamu la Sundance, mtazamaji mmoja aliuliza kwa nini watu wenye vipaji wanawachafua Wamarekani wa asili ya Asia kwa kuwaonyesha wakiwa wahalifu. Mhakiki Roger Ebert akasimama kujibu kwamba wana haki ya kuwa wahusika wa aina yoyote wanayotaka. Lin alipopewa Tokyo Drift ya 2006 alimbeba Han akaingia naye.

Mkiona hilo ni dogo, angalieni lilikotoka. Mwigizaji Philip Ahn, aliyezaliwa Los Angeles 1905, ni mtoto wa Ahn Chang-ho, mpigania uhuru wa Korea aliyefungwa na Wajapani. Wakati wa Vita vya Pili, Hollywood ilimpa Philip kazi ya kuigiza maofisa wakatili wa Kijapani. Miongo baadaye, 1994, ABC walimpa Margaret Cho tamthilia kuhusu familia ya Kikorea, All-American Girl. Mwenye asili ya Korea katika waigizaji wa familia ile alikuwa yeye peke yake. Na nyumbani walizungumza Kiingereza chenye lafudhi hata wazazi wakiwa wawili tu, lile alilolisema Fundi kwenye bandiko #5. Ilikufa baada ya msimu mmoja.

Kwa hiyo hoja yangu: ni nani anaruhusiwa kusimama mbele ya kamera na kwa jina gani. Lugha na udongo vinafuata.

#12 Kigali Kwetu

Muraho, ndugu zangu. Nashangaa hakuna aliyetaja filamu ndefu ya kwanza ya huyu Chung. Ilipigwa Rwanda, kwa Kinyarwanda.

Inaitwa Munyurangabo, 2007. Mke wake alikuwa anakuja kujitolea, naye akafuatana naye na kufundisha vijana utengenezaji wa filamu. Darasa likawa kikosi cha kazi. Walipiga kwa siku 11, kwa filamu ya milimita 16, bajeti ikitajwa kuwa dola 30,000 hivi. Hakukuwa na muswada kamili, kulikuwa na kurasa chache za muhtasari, na mazungumzo yakajengwa na waigizaji wenyewe ambao hawakuwa waigizaji wa kazi. Vijana wawili, Ngabo na Sangwa, mmoja Mtutsi mmoja Mhutu, wanatoka Kigali na panga, wanapitia nyumbani kwa Sangwa, na baba mtu hamtaki yule mwenzake. Ilionyeshwa Cannes katika kundi la Un Certain Regard. Inatajwa kuwa filamu ndefu ya kwanza ya kubuni katika Kinyarwanda.

Sasa mleta uzi, ipime kwa mizani yako. Mwongozaji hazungumzi lugha ya filamu yake. Hakuna Mkorea hata mmoja kwenye picha. Je, ni filamu ya Mkorea wa Marekani?

#13 Reli ya Kati

Kigali Kwetu, murakoze. Umenibana kweli. Ukisema ndiyo, basi ni jicho la mwongozaji linalohesabiwa. Ukisema hapana, basi Minari nayo tunaihesabu kwa sura za waigizaji tu. Naona kuna uzi mmoja kati ya zile mbili: mtu anayefika nyumbani kwa watu akingoja kuona kama atakaribishwa kula. Lakini ulivyosema hakuna muswada kamili ndipo panaponivutia. Asiyejua lugha aliwaachia wenyeji waizungumze. Kwenye Minari alifanya vilevile kwa Youn na Han.

#14 Fundi Sauti

Ndiyo, ni utaratibu uleule. Na linganisha na Past Lives ya 2023. Teo Yoo anaigiza Hae Sung, Mkorea wa Korea kabisa, jeshi kapitia, kazi ya ofisini, anakaa kwa wazazi. Mwigizaji mwenyewe kazaliwa Cologne, Ujerumani, wakati Greta Lee anayemwigiza mhamiaji Nora kazaliwa Los Angeles. Yaani yule wa "nyumbani" na yule wa "ughaibuni" wote ni watoto wa ughaibuni.

Mwongozaji Celine Song aliwazuia Teo Yoo na John Magaro, anayemwigiza mume wa Nora, kukutana hadi siku ya kupiga tukio la wahusika wao kuonana mara ya kwanza. Aliwazuia pia Teo na Greta kugusana mpaka kamera iwake. Ule ugumu wa mabega unaouona haukuwa maigizo matupu. Kwa fedha, A24 walikuwa pamoja na CJ ENM ya Korea, kwa hiyo anayetaka kuipa filamu uraia kwa kufuata mfuko ataipa wa nchi mbili.

#15 Mwalimu Kapeto

Fundi, Song si Mkorea wa Marekani kwa malezi. Familia yake ilihamia Ontario akiwa na miaka 12, na Nora naye anapitia Toronto kabla ya New York. Msiichanganye Kanada humu. Ya Kanada ina mambo yake, Kim's Convenience na Riceboy Sleeps.

Jambo moja la Past Lives linaunga mkono hoja yangu ya kutua mahali. Nora anakiri kwamba akiwa na Hae Sung anajiona si Mkorea, na papo hapo anajiona Mkorea zaidi. Naye mumewe analalamika kwamba usingizini anaongea Kikorea asichokielewa.

#16 Njiwa Manga

Habari za humu. Wote mnazungumzia walioingia na wazazi wao. Kuna kundi kubwa lililoingia bila: watoto wa kuasili. Tangu vita vya Korea takriban watoto 200,000 walipelekwa nje, wengi wao Marekani. Kwao kuhusika ni karatasi.

Utaratibu wa zamani ulikuwa hivi. Mahakama ya jimbo inatoa amri ya kuasili. Uraia ni suala la serikali kuu, na wazazi walitakiwa kuuomba kando. Wengi walidhani amri ya mahakama imemaliza yote. Sheria ya uraia wa watoto ya 2000, iliyoanza kazi Februari 27, 2001, ikawapa uraia moja kwa moja wale ambao siku hiyo hawajafika miaka 18. Aliyeshatimiza 18 akaachwa. Huyo akipatikana na hatia ya makosa fulani, sheria ya uhamiaji ya 1996 inaruhusu arudishwe Korea, nchi asiyoijua hata lugha yake. Blue Bayou ya Justin Chon (2021) imejengwa juu ya tundu hilo.

Na kuna First Person Plural (2000) ya Deann Borshay Liem. Alipelekwa California 1966 kwa jina na karatasi za msichana mwingine, Cha Jung Hee, kwa sababu huyo wa kwanza alichukuliwa na baba yake na kituo kikamweka yeye mahali pake. Alikuwa na familia hai Korea muda wote. Mwaka 2010 alitoa filamu ya pili akimtafuta huyo ambaye alivaa jina lake. Sijaona filamu ya kubuni iliyofikia uzito huo.

#17 Mama Swabra

Njiwa Manga, karibu sana. Kwenye Blue Bayou kuna jambo lazima lisemwe. Mtu mmoja aliyerudishwa Korea mwaka 2016 alilalamika hadharani kwamba kisa kinafanana mno na maisha yake na hakuombwa ridhaa, na kundi la watetezi wa watoto wa kuasili likataka filamu isusiwe. Chon alijibu kwamba alizungumza na watu kadhaa wa kuasili wakati wa kuandika na kwamba si kisa cha mtu mmoja. Chon si mtoto wa kuasili. Kwa hiyo hata ndani ya Wakorea wenyewe lipo swali la nani asimulie nini.

#18 Jahazi

Kwa sisi watazamaji wa huku kuna tatizo la kiufundi. Ukiitazama filamu ya namna hii kwenye kibanda umiza ikiwa imetafsiriwa na DJ, Kikorea na Kiingereza vyote vinakuwa Kiswahili kimoja kwa sauti moja. Huwezi kujua mtoto amemjibu bibi kwa lugha gani, na nusu ya filamu iko hapo. Hata maandishi ya tafsiri ya kawaida hayaonyeshi lugha imebadilika saa ngapi. Tamthilia ya Pachinko walilitatua kwa rangi: Kikorea njano, Kijapani bluu. Msimu wa kwanza uliongozwa na Kogonada na Justin Chon, wote Wakorea wa Marekani.

#19 Chuma cha Pua

Hapo Jahazi umegusa. Ila Searching ya 2018 kijiweni tuliielewa yote bila DJ wala rangi. John Cho, baba anamtafuta mwanawe kwenye kompyuta. Ni familia ya Kim na hakuna anayewauliza walikotoka. Bajeti chini ya dola milioni 1, mapato kama 75. Labda kuhusika ndiko huko, kutoulizwa.

#20 Binti Tabora

Au ni kufutwa kwa adabu, Chuma. Mfano wangu ni kesi ya Chol Soo Lee. Alikamatwa San Francisco 1973 kwa mauaji ya Chinatown ambayo hakuyafanya. Mwandishi K.W. Lee, mhamiaji Mkorea, akaanza kuiandika kesi 1978 katika Sacramento Union. Makanisa ya Kikorea, wanafunzi na wazee wakachanga fedha za mawakili. Kesi iliposikilizwa upya 1982 aliachiwa shtaka hilo, akatoka gerezani 1983.

Hollywood iliichukua kesi 1989 kwa True Believer. Shujaa ni wakili mzungu, James Woods, na msaidizi wake ni Robert Downey Jr. Mfungwa Mkorea kaigizwa na Mmarekani wa asili ya Kijapani. Mwandishi na wachangaji hawamo. Filamu ya Kiingereza, nyota wakubwa, hakuna wa kuiita ya kigeni. Ilibidi kusubiri 2022, Free Chol Soo Lee ya Julie Ha na Eugene Yi, ndipo kina mama wa makanisani waonekane.

#21 Mwalimu Kapeto

Binti Tabora, hapo kwenye makanisa nilikuwa nakungoja. Utafiti wa kituo cha Pew cha Marekani wa 2012 ulikuta asilimia 71 ya Wakorea wa Marekani ni Wakristo, na bado kwenye Minari mwanamke wa kiwandani anamwambia Monica, mke wa Jacob, kwamba Wakorea wa pale walihama mjini kulikimbia kanisa la Kikorea. Hilo nalifungulia uzi wake kesho, maana Spa Night ya Andrew Ahn nayo inaingia humo.